Meli Iliyopinduliwa Mara Mbili

Watu wengi hudhani kuwa picha ya sinema ni jambo la kupitishia jioni tu, na mimi nalikuwa mmoja wao hata usiku mmoja wa mwaka 1998, nilipoketi katika sebule ya mwalimu mmoja mjini Tukuyu kutazama kanda kuukuu ya picha iitwayo The Poseidon Adventure. Nalikuwa nimetoka Kisondela pamoja na mama mdogo kwa haja zetu za mjini, tukakamatwa na mvua, mvua ya kwetu isiyo na adabu ya kukoma, na mwalimu akatukaribisha tulale kwake. Mama mdogo hakuwa mpenda sinema. Aliketi kwa heshima ya mwenye nyumba, kikapu chake magotini, kama mtu angojaye gari.

Picha hiyo ilitolewa mwaka 1972 chini ya uongozi wa Ronald Neame, nayo ilitokana na kitabu cha Paul Gallico kilichotoka mwaka 1969. Habari yake ni nyepesi kueleza. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, tetemeko la chini ya bahari lainua wimbi. Wimbi laipindua meli kubwa ya abiria, nayo yabaki ikielea kichwa chini. Dari imekuwa sakafu. Mchungaji mmoja, jina lake Scott, awashawishi watu wachache waupande mti wa Krismasi mfano wa ngazi, wafuate njia ya juu mpaka kwenye tako la meli, mahali ambapo chuma kina unene wa inchi moja tu. Njiani wanapungua. Bibi Rosen, mwanamke mnene aliyekuwa akiuonea haya mwili wake, apiga mbizi kumwokoa mchungaji aliyenaswa majini. Amwokoa, kisha moyo wake wasimama. Mchungaji naye afa akifunga mvuke uliowazibia wenziwe njia. Mwisho wasalia sita. Wagonga chuma kutoka ndani, na kutoka nje wajibiwa. Moto wa kukatia chuma wazunguka juu ya vichwa vyao, na mwanga wa mchana waingia.

Hapo mama mdogo alitoa neno lake la kwanza usiku ule.

"Hawa walikatiwa wakatoka," alisema.

Hakuna aliyemwuliza maana yake, kwa kuwa sote tulijua. Baba mdogo alikuwa akifanya kazi ya kahawa huko Kagera, naye alipanda meli ya MV Bukoba ili aje likizo kwa njia ya Mwanza. Meli ile ilipewa ruhusa ya kuchukua abiria 430, walakini ilichukua wengi kupita kiasi hicho, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia Mwanza, ililala ubavu ikapinduka. Haikuzama mara moja. Ilielea kwa saa kadhaa, tako juu, na waliosimama juu yake walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Mtoto yeyote aliyechezea kikombe katika ndoo ya maji aweza kuieleza hali ile: kikombe kikifudikizwa hushika hewa, na hewa hukiinua, ukikitoboa tako, hewa hutoka na maji hupanda. Tundu lilipokatwa ili watu watolewe, hewa ilitoka, na meli ikaenda chini. Waliokufa hutajwa kuwa karibu 900. Wengi wao walizikwa Igoma, nasi Kisondela tulifanya matanga pasipo maiti, jambo ambalo wazee wetu hawakulijua kulifanya, wakakosana hata juu ya siku ya kuyaondoa.

Basi nalidhani mama mdogo angetaka kwenda kulala. Kumbe alimgeukia mwenyeji wetu. "Mwalimu, tafadhali, irudishe pale wanapogonga." Mwalimu aliirudisha. Aliirudisha mara tatu. Yamkini picha ile ya kale ilikuwa na bahati ambayo Bukoba haikuwa nayo, lakini mama mdogo hakutafuta elimu ya hewa na chuma. Alitaka kuisikia ile sauti ikijibiwa.

Mwaka 2007 kibanda cha video cha jirani na soko letu kilitangaza kwa chaki kuwa Poseidon mpya imefika. Nalimchukua mama mdogo kwa furaha, na kosa hilo ni langu. Picha hiyo ilitengenezwa mwaka 2006 na Wolfgang Petersen, mtu ambaye alikwisha kuonyesha ustadi wake wa mambo ya bahari kwa picha ya Das Boot ya mwaka 1981. Iligharimu kama dola milioni 160, ilhali ile ya kwanza iligharimu kama milioni 5. Fedha ile imeonekana: wimbi ni la kutisha, na maji ni maji kweli. Vijana walipiga mayowe. Lakini watu wenyewe hatukuwajua. Wimbi laja mapema mno, kabla hatujajua nani ampenda nani na nani aona haya kwa nini, na baada ya hapo ni mbio tu hata mwisho.

Kuna jambo moja ambalo sijalisamehe mpaka leo. Mhudumu wa meli, aitwaye Valentin, ambaye awaongoza wengine njia, ananing'inia katika mguu wa abiria tajiri juu ya shimo la lifti. Tajiri aamriwa amkung'ute. Amkung'uta, mhudumu aanguka, na picha yaendelea na safari. Katika ile ya kale mhudumu Acres naye huanguka, lakini walio hai wagombana kwa ajili yake. Usiku ule Kisondela aliyemkumbuka Valentin alikuwa ni msimulizi wetu wa Kiswahili peke yake, ambaye sauti yake ilitiwa juu ya Kiingereza. "Maskini," alisema, "naye ana mama yake." Maneno hayo, nina hakika, hayamo katika picha.

Mwisho wake ni kwamba walionusurika watoka kwa kuogelea kupitia mahali pa rafadha, waingia katika mtumbwi wa mpira, na meli yazama nyuma yao. Hakuna agongaye. Hakuna wa nje anayesikiliza.

Tulirudi gizani katikati ya migomba, mama mdogo akitangulia na tochi.

"Yule mwalimu yupo bado?" aliniuliza.

Nilimwambia kuwa alihamishwa zamani.

"Na kanda yake?"

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuipata nakala nyingine, safari hii katika sahani. Mama mdogo alisinzia kabla ya wimbi kufika. Nalimwacha alale mpaka wale sita walipofika kwenye chuma, ndipo nikamgusa bega.