Bulangeti ya Mama Iliongezwa



Katika mwaka wa 1989 mama yangu alinishonea bulangeti ya viraka. Aliikusanya kwa vipande vya bikwembe vyake, hapa kwetu Likasi. Ilikuwa na mapana ya metre 1 na sentimetre 20, na urefu wa metre 1 na sentimetre 80: kipimo cha kitanda cha mtu mmoja. Nilipoolewa nilikwenda nayo. Niliitunza katika sanduku. Wageni niliwaonyesha tu.

Mwaka wa 2006 dada yangu mkubwa alifariki. Watoto wake wawili walikuja kukaa kwetu, wakalala pamoja na binti yangu kwenye matela moja. Wenye kukaa Katanga wanajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Usiku mmoja nilisikia mtu anakohoa. Nilimkuta mtoto mkubwa wa dada, wa miaka 12, ameketi kando, amejifunika kikwembe tu.

– Mama mudogo, bulangeti haifike huku. Miye njo nalalaka ku kando. Hapana neno.

Lile "hapana neno" liliniuma sana. Asubuhi nilitoa bulangeti ya mama katika sanduku, lakini nayo ilifunika wawili tu. Mama akasema tuiongeze. Nilikataa:

– Mama, kazi ilikwisha zamani. Tukiifungua tutaiharibu.

– Nani aliishona? Niliimaliza kwa mutu moja. Sasa beko batatu.

Nikanyamaza.

Katikati hatukukata kitu. Tulifumua upindo wa kandokando tu, uzi kwa uzi, kwa wembe. Kisha tulipima mikanda minne ya sentimetre 30, tukaacha sentimetre moja kila upande kwa mshono. Miwili ya mbavuni ilikuwa na urefu wa metre 1 na sentimetre 80. Tulipoishona, mapana nayo yakawa metre 1 na sentimetre 80, basi mikanda ya kichwani na miguuni ilikuwa ya kipimo kilekile.

Vitambaa havikutosha. Yule mtoto alileta mfuko wake. Ndani mlikuwa na bikwembe viwili vya mama yake, vipya, havijavaliwa hata siku moja. Alivishika kwa muda mrefu. Nilimwambia hatumlazimishe. Kimoja alikirudisha mfukoni, kingine alinipa.

– Hiki mukate.

Mama aliagiza tukifue kwanza, kwa sababu bulangeti ilikwisha kufuliwa miaka mingi, lakini kitambaa kipya kitapunguka na kuvuta cha zamani. "Njo kile kiraka Yesu alisemaka mu Marko 2:21," alisema.

Tulishona uso wa mkanda kwenye uso wa bulangeti kwa mashini. Ndani tuliweka kipande cha bulangeti nzee, kikigusana na cha zamani bila kupandana, kusudi pasiwe kivimbe. Nyuma tuliweka shuka, tukaifunga kwa mkono. Halafu tulipitisha sindano toka juu hata chini, kusudi vya ndani visitembee, tukaweka upindo mpya. Kazi ilichukua juma mbili. Shuka moja sikuifua, nilikuwa na haraka. Hata leo pembe ile imekunjamana, na mama alinicheka mpaka mwisho wake.

Usiku wa kwanza nilikwenda kuangalia. Watatu walilala, wamefunikwa wote. Yule mkubwa alikuwa kando kama kawaida, na mkanda wa kikwembe cha mama yake ulimfika mpaka kwenye shingo.

Vijana wapendwa, na ninyi wazazi wenzangu, siku hizi katika nyumba nyingi watoto wa ndugu wanaingia, na tunasema: nafasi ni hii tu, kila kitu kimekwisha kupimwa. Nilisema vile mimi pia. Lakini kabla ya kusema hivyo, muulizeni kwanza yule anayelala kando.