Simu Itakayotoka Mwakani

Nauza simu Kariakoo. Nilianza mwaka 2009 nikiwa na meza ya mbao, mwavuli, na kasha la kioo lenye vocha na simu sita za mtumba. Wakati ule mteja alitaka mambo matatu tu: simu ishike mtandao, ikae na chaji, na iwe na tochi. Leo nina chumba kidogo cha kupanga, si mbali na mtaa wa Aggrey, na vijana wawili wanaonisaidia. Kwa miaka yote hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukaa nyuma ya kioo na kusikiliza watu wakinieleza wanachotumaini.

Mteja akiingia humwuliza, "Hiyo ya sasa ina shida gani?" Jibu la kwanza huwa betri. La pili ni nafasi: simu imejaa, picha haziingii, nyimbo za kwaya hazifunguki. La tatu ni kamera. Zamani kamera za simu hazikututendea haki. Ukipigwa picha jioni kwenye harusi ulibaki meno na shati. Kampuni zinazouza sana Afrika, kama Tecno, zikaliona hilo na kuzirekebisha kamera zao zisome vizuri ngozi nyeusi. Ukichanganya na laini mbili na betri kubwa, utaelewa kwa nini watu wetu walizikimbilia. Wengine huuliza simu itaishi miaka mingapi kabla WhatsApp haijaikataa. Oktoba 2023 Google walisema Pixel 8 itapata masasisho kwa miaka saba, na Januari 2024 Samsung wakaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24. Simu nyingi za bei ya chini ninazouza mimi hazina ahadi ya namna hiyo, na anayeuliza swali hilo ana haki ya kuuliza.

Ndugu msomaji, siandiki haya ili niwacheke watu wanaotaka simu mpya. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, simu imekuwa pochi, imekuwa duka, imekuwa kibubu. Kijana wa bodaboda ambaye simu yake inazima saa nane mchana amepoteza nusu ya siku yake. Mama lishe anapokea oda za ofisini kwa simu. Kanisani hupenda kuwasema watu kwamba wanaabudu simu. Wapo wa namna hiyo, lakini mimi ninayewauzia najua kwamba wengi wanatafuta riziki tu.

Hata hivyo, chini ya matumaini hayo yapo mengine ambayo mteja hayataji. Kijana anayetaka kamera kali ya mbele, ukimsikiliza mpaka mwisho, anataka aonekane na mtu. Baba anayemnunulia binti yake simu ghali kuliko uwezo wake anatumaini kusamehewa miaka ambayo hakuwepo. Muuzaji mzoefu anayasikia hayo kabla mteja hajamaliza sentensi. Mimi niliyasikia, na niliyauzia. Niliwafundisha hata wale vijana wangu: msimwoneshe mteja simu, mwoneshe kile kinachomkosesha usingizi, halafu weka simu juu yake.

Desemba moja, miaka michache iliyopita, aliingia mama wa makamo amejitanda ushungi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitafutie simu nzuri. Hii imezeeka. Ikifika thelathini inazima kama taa. Halafu nikimpigia mwanangu, haipokei."

"Yuko wapi?"

"Afrika Kusini. Huu mwaka wa tatu. Zamani tulikuwa tunaongea kila Ijumaa."

Nikaichukua simu yake, nikaipiga ile namba, nikaiweka sikioni. Iliita. Iliita mpaka ikakata yenyewe. Nikafungua ujumbe. Alikuwa amemtumia sauti nyingi, nyingine fupi, nyingine za dakika tatu. Zote zilikuwa na tiki mbili, na kadhaa zilikuwa za buluu. Kila anayetumia WhatsApp anajua maana yake. Yule mama hakujua, au alijua na moyo ukamkatalia.

Nilielewa yote kwa muda wa kupepesa macho. Simu yake ilikuwa nzima. Betri za lithiamu huchoka kwa kuchajiwa. Baada ya chaji kamili mia tano hivi, nyingi hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake, na zikizidi kuchoka ndipo huzima ghafla zikiwa bado zinaonesha asilimia thelathini. Fundi wa mlango wa tatu angeibadilisha kwa shilingi 35,000. Ama kuhusu mtoto kutopokea, hakuna simu Kariakoo nzima, wala Dubai tunakoagiza, ambayo ingemfanya apokee.

Nikasema, "Mama, hii hapa ni mpya. Inashika mtandao vizuri sana kuliko hiyo. Ukipiga video anakuona kama upo naye."

Angalia maneno yale. Hakuna la uongo hata moja. Ilikuwa mpya, ilishika mtandao vizuri, na angempata angemwona kama yupo naye. Mama akafungua fundo la kanga, akahesabu shilingi 420,000. Ulikuwa mgao wake wa VICOBA wa mwaka mzima. Akanishukuru. Akaniombea dua biashara yangu.

Wiki mbili baadaye alirudi. Nilidhani amekuja kulalamika, nikaanza kuandaa maneno. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaiweka simu kwenye kioo kwa uangalifu kama mtu anayeweka yai.

"Mwanangu, hii ni nzuri. Inakaa na chaji. Lakini bado haipokei." Akanyamaza kidogo. "Nimesikia kwamba kila mwaka wanatoa nyingine. Itakayotoka mwakani, hiyo itampata?"

Sikuweza kumjibu. Nilimwambia mzigo mpya ukija nitamjulisha. Aliposhuka ngazi ya duka, kijana wangu mmoja akacheka kidogo na kusema, "Bosi, huyo mteja wa kudumu." Nilimfundisha mimi kucheka hivyo.

Wiki ileile zamu ya kuongoza neno kwenye jumuiya yetu ilikuwa yangu. Somo lilikuwa tumaini, kutoka Warumi sura ya 8, pale Paulo anapoeleza kwamba kinachoonekana tayari hakihitaji tena kutumainiwa, na kwamba tusichokiona tunakingoja kwa saburi. Nilikuwa nimeandaa mifano mizuri. Nilipofungua Biblia jioni ile, watu kumi na moja wakiwa wamekaa kwenye mkeka na makochi, nilimwona yule mama tu. Alikuwa ananingoja mimi. Tumaini lake lote nilikuwa nimelichukua na kulielekeza kwenye mzigo utakaokuja kutoka Dubai.

Nikaacha mifano, nikawaeleza kilichotokea. Maoni yakagawanyika. Ndugu mmoja mfanyabiashara alinitetea: hukumlazimisha, alikuja mwenyewe, alitaka simu nawe ukamwuzia simu, ukianza kumchunguza kila mteja ana huzuni gani utafunga duka. Maneno yake yalikuwa na akili, nami nilitamani yanitoshe. Lakini mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida huzungumza wakati wa maombi tu, aliniuliza, "Ulipoisikia ile simu inaita, ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

"Basi," akasema, na hakuongeza neno.

Usiku ule nilimwaza Zakayo. Tumezoea kusimulia kuhusu mkuyu na ufupi wake, lakini sehemu iliyo ngumu ni pale aliposimama mbele ya watu akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu awalipe mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu. Yangu hadi hapo ilikuwa na hisia tu. Asubuhi nikamweleza mke wangu, kwa sababu fedha zilishageuka mzigo na kodi ya chumba, na kurudisha kungetugusa sote. Aliuliza kiasi gani. Nikamtajia. Akashusha pumzi, akasema, "Rudisha, lakini usimrudishie kama unampa sadaka."

Namba ya mama ilikuwa kwenye kitabu changu cha waranti. Alikuja Jumatatu. Nikamwambia ukweli wote kwa mpangilio: kwamba simu yake ya zamani haikuwa na ubovu ila betri, kwamba nililijua hilo siku ya kwanza, kwamba simu ikiita maana yake imefika, na aliye upande wa pili ndiye anayeamua kupokea, kwamba hakuna toleo, la mwaka huu wala la mwakani, litakaloamua badala yake. Nikamwambia nitaichukua ile mpya, nitamrudishia fedha zake zote kwa awamu mbili, na betri ya ile ya zamani nitaigharamia mimi.

Nilitegemea machozi au hasira. Alikaa kimya akizungusha ncha ya ushungi kidoleni. Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuwa anasikia simu inaita."

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi. Mimi nilidhani labda hayupo tena."

Hapo ndipo nilipotambua kile ambacho sikukisikia mara ya kwanza, mimi muuzaji mwenye sikio kali. Nilidhani amekuja kununua sauti ya mwanawe. Kumbe aliogopa kifo, na zile tiki za buluu nilizoziona na kuzinyamazia zingempa usingizi tangu Desemba, kwa maana zilisema yupo mtu hai anayezifungua. Nilimficha habari iliyokuwa ya huzuni machoni pangu, na machoni pake ilikuwa habari njema.

Fundi alipomaliza kubadilisha betri, mama akaiwasha, akaitazama ikipanda hadi mia. "Hii inanitosha," akasema. "Ninachotaka ni siku akipiga isiwe imezima."

Sisi tunaujua mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25, na nimesikia mahubiri mengi juu yake. Sijasikia lililoingia moyoni mwangu kama maneno ya yule mama, ambaye si wa usharika wetu wala wa dini yetu. Wanawali wale hawakuwa na uwezo wa kumharakisha bwana arusi. Hawakujua saa. Wenye busara walichofanya ni kuhakikisha kwamba akija usiku wa manane taa zitawaka. Mama yule aliacha kutafuta kifaa cha kumleta mwanawe kwa nguvu, akabaki na kazi ya kungoja akiwa na chaji. Nami nilihitaji kujifunza kutoka kwake, kwa maana hata maombi yangu mengi yalikuwa ya kutafuta toleo jipya: kazi nyingine, chumba kikubwa zaidi, mchungaji mwingine, labda huyo ndiye atakayenipatia Mungu anayepokea upesi.

Tangu wakati ule nauza kwa namna nyingine, ingawa sidai kwamba sijarudia makosa. Anayelalamikia betri namtuma kwanza kwa fundi. Anayesema simu imejaa nakaa naye tufute; mara nyingi nusu ya mzigo ni picha za kumtakia mtu asubuhi njema, na huwa namkumbusha kwa utani yule tajiri wa Luka 12 aliyedhani tatizo lake ni udogo wa ghala. Namweleza pia kwamba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, inayoingia kwenye betri nyingi za simu, inachimbwa Kongo kwa jirani zetu, kukiwemo kwa mikono ya watu maskini, na malori yanayoibeba pamoja na shaba hupita Tunduma hadi bandarini kwetu. Simu inayotupwa kwa sababu ya betri ya 35,000 imetoka kwenye jasho la mtu. Anayehitaji mpya kweli namwuzia, na nafurahi kumwuzia. Nimepoteza mauzo. Kijana mmoja ameondoka, akaenda duka lenye kamisheni nzuri zaidi. Yule aliyecheka amebaki.

Kila Septemba Apple hutangaza toleo jipya, na siku zinazofuata watu hufika dukani kuuliza kama limeshaingia na bei yake itakuwaje. Nawajibu kadiri ninavyojua. Mama yule naye hupita mara mojamoja akienda sokoni. Sijawahi kumwuliza kwa kirefu.

"Bado, mama?"

"Bado, mwanangu." Huitoa simu kwenye mkoba, akanionesha kona ya juu ya kioo. "Tisini na mbili."