Na Samaki wa Dhahabu Hadi Iringa

Sikuwahi kusafiri na samaki hai. Basi lilipoondoka Dar es Salaam alfajiri, mfuko wa samaki wawili wa dhahabu wa mpwa wangu ulikuwa mapajani mwangu. Muuzaji aliacha kuwalisha tangu jana yake, kwani samaki aliyeshiba huchafua maji njiani. Maji yalikuwa theluthi moja tu ya mfuko. Kwingine kote ni oksijeni.

Baada ya Mikumi joto lilipanda. Niliufunika mfuko kwa khanga mbichi. Mama wa kiti cha pembeni alikuwa akiwachungulia kila tuliposimama.

"Mwanangu, watafika kweli hawa?"

"Watafika, mama, mradi jua lisiwapate."

Akafunga pazia bila kuombwa. Tulipomaliza kupanda mlima wa Kitonga, baridi ilianza kuingia dirishani.

Hatari kubwa iko mwisho wa safari. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Mfuko ukiwa umefungwa, kabonidayoksaidi wanayoitoa huyatia maji asidi kidogo, na amonia hiyo haiwadhuru sana. Ukiufungua, kabonidayoksaidi hutoroka, asidi hupungua, na amonia hugeuka sumu kali. Kwa hiyo tuliuacha mfuko uelee kwenye beseni ukiwa bado umefungwa mpaka joto likalingana, ndipo tukaufungua, tukawahamisha kwa wavu mara moja na kuyamwaga maji ya safari. Maji ya bomba yalikuwa yamekingwa mapema na kuachwa wazi ili klorini iishe.

Hata hivyo safari huwachosha. Siku chache baadaye mmoja alianza kujisugua kwenye mawe, mkiani ana vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Wengi hukimbilia antibiotiki, nami nasema wazi kwamba ni kuwatesa bure: huu ni ugonjwa wa kidudu, Ichthyophthirius, si wa bakteria. Akiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa haimpati. Hufa akiwa majini tu, akitafuta samaki mwingine. Tulitia chumvi ya mawe isiyo na madini joto, gramu 3 kwa kila lita, tukiiyeyusha kwanza na kuiongeza kidogo kidogo.

Kwenye maji ya joto kidudu humaliza mzunguko wake kwa siku chache. Kwa baridi ya Iringa huchukua muda mrefu zaidi. Vidoa vilipotoweka mpwa wangu alitaka kuacha, nikamkataza. Tuliendelea, na kila tulipobadili maji tulirudishia chumvi ya yale yaliyotoka tu, kwa kuwa maji yakikauka chumvi hubaki.