Ubavu wa Tairi na Safari ya Usiku

Huenda mkastaajabu kuona ukurasa wa familia ukizungumzia matairi ya gari. Nami nisingethubutu kuyaandika haya, lau nyumbani kwetu Makongeni jambo hili lisingefungamana na usalama wa mwanamke anayerudi kazini usiku.

Mwanangu alinunua gari la michezo la Kijerumani, la viti viwili, lililotumika kwanza Ujapani na kisha likapita mikononi mwa mtu mwingine hapa Nairobi. Makongeni ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na gari la namna ile likiegeshwa mbele ya nyumba zetu hizi ndogo huonekana kama bibi harusi aliyeshushwa kwenye nyumba isiyo yake. Sikulipinga. Kijana alalaye kwa jasho lake ana haki ya kujifurahisha kwa kiasi. Mke wake, mkaza mwana wangu, ni muuguzi. Juma ambalo zamu yake humalizika saa tano usiku, yeye ndiye hulichukua gari hilo na kurudi nalo kwa barabara ya Jogoo.

Matairi yake yalikuwa ya aina ambayo mafundi huiita ranflati. Tairi la kawaida husimamishwa na upepo. Upepo ukitoka, ubavu hujikunja na rimu hukaa juu ya mpira na kuutafuna. Ranflati limetiwa mpira mgumu wa ziada ndani ya ubavu, hata upepo ukiisha kabisa, ubavu wenyewe hulibeba gari. Kipimo kinachotajwa na watengenezaji wengi ni kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kwa kuwa gari la michezo lina nafasi finyu na halipendi uzito, waundaji wakaona spea haihitajiki tena. Corvette ya mwaka 1997 ilitoka kiwandani Marekani bila spea, na Z4 ya BMW, iliyoingia sokoni miaka michache baadaye, ikafuata njia hiyo hiyo. Pamoja na spea, jeki nayo ikaondoka.

Mwanangu alichoshwa na ugumu wake. Ubavu usiojikunja haulegezi pigo la shimo. Pigo lote huingia kwenye rimu, kisha kwenye mgongo wa aliyeketi. Rimu moja ilikuwa imepasuka tayari. Alipouliza bei ya matairi mapya ya aina ile ile, alitajiwa karibu maradufu ya matairi ya kawaida, tena ayasubiri yaagizwe. Fundi wake alimhakikishia kwamba tairi la kawaida hukaa vyema kwenye rimu zile zile, mradi vipimo, uwezo wa mzigo na kiwango cha mwendo vilingane. Kwake yeye na baba yake, shauri lilikuwa limekwisha.

Mkaza mwana wangu alikuwa akitenga wali. Aliweka sinia chini, akasema kwa upole, "Baba, nyinyi mnazungumzia mgongo na bei. Mimi nikipata pancha saa tano usiku, matairi haya ndiyo yanayonifikisha mlangoni bila kushuka. Mkiyaondoa, nani atashuka na kuinama gizani?"

Hakuna aliyemjibu upesi. Mume wangu, ambaye hupenda kuwa na neno la mwisho, alijishughulisha na limau.

Niliona ana haki, na bado naona hivyo. Katika nyumba nyingi gari huamuliwa na mwenye kulilipia, ilhali hatari yake humwangukia mwenye kuliendesha saa ambazo mwenye kulilipia amelala. Lakini niliona pia kwamba hoja ya mwanangu haikuwa ya anasa tupu. Zile kilomita 80 zimepimwa kwa nchi ambazo mwisho wa kilomita hizo pana duka lenye tairi la kukufaa. Chukueni njia yetu ya Mombasa. Kati ya Mtito Andei na Voi, katikati ya mbuga ya Tsavo, ni mwendo wa karibu kilomita 100. Ranflati litakutoa porini, na hilo si jambo dogo pale ambapo tembo huvuka barabara. Ukifika mjini alfajiri utampata fundi wa pancha na vyuma vyake viwili vya kung'olea tairi, mtu hodari kwa matairi ya matatu na malori, lakini ubavu ule mgumu hauondoki kwenye rimu kwa vyuma vya mkono ila kwa shida, na mara nyingine kwa kuiumiza rimu. Hata akiling'oa, tairi lililokwisha kukimbia bila upepo huweza kuwa limeharibika ndani pasipo kuonekana nje, na watengenezaji wengi hawapendekezi lizibwe. Hapo ndipo mtu asiye na spea hukaa akingoja basi limletee tairi kutoka Nairobi.

Basi ikakubaliwa gari lipelekwe kwa fundi likaguliwe kwanza. Mkaza mwana wangu alikwenda mwenyewe, nami nikamfuata. Fundi akatuonyesha jambo ambalo naomba kila msomaji mwenye gari la namna hii alishike. Ranflati huandikwa ubavuni, na kila kiwanda kina alama yake: Bridgestone huandika RFT, Michelin ZP, Continental SSR. Karibu na herufi DOT zipo tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka lilipotengenezwa; 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Matairi ya mbele yalikuwa na alama. Ya nyuma hayakuwa nayo. Yalikuwa matairi ya kawaida kabisa, na garini hamkuwa na spea, jeki wala pampu.

Miezi saba binti yule alikuwa akipita Jogoo usiku akimtegemea mlinzi ambaye kwa magurudumu mawili hakuwepo. Aliyetuuzia gari aliyajua, kwani yeye ndiye aliyeyabadilisha, na hakusema. Kubadilisha si kosa. Kosa ni kunyamaza, maana kasoro iliyofichwa katika kitanda humuumiza mtu ubavu, bali hii ingeweza kumtoa mtu roho. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa na hatari yake pia, kwa sababu ubavu mgumu na ubavu laini haviitiki usukani kwa namna moja kwenye kona.

Masharti yaliyofuata yaliwekwa na mkaza mwana wangu, na hakuna aliyethubutu kuyapunguza. Matairi yote manne yawe ya kawaida, mapya, ya kiwanda kimoja. Ipatikane spea nyembamba ya dharura. Fundi akaipima kwenye matundu ya boliti na kwenye breki kabla ya kuipokea. Vinunuliwe jeki, spana, pampu ya umeme wa gari, dawa ya kuziba pancha (ambayo hufaa tundu la msumari, si ubavu uliochanika), tochi, na zile pembetatu za kuakisi mwanga. Taa ya dashibodi inayoonya upepo ukipungua iwekwe upya, kwani katika gari hili hufanya kazi kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu, na matairi yakibadilishwa hubidi lifundishwe tena. Na juma la zamu ya usiku, mumewe atamfuata kazini. Hilo la mwisho halikumgharimu mtu ila usingizi.

Kisha akajifunza kubadilisha gurudumu, mchana, mbele ya nyumba, watoto wa jirani wakimhesabia boliti. Mara ya kwanza alitumia dakika 40. Mara ya tatu, 18. Mimi nami nilijaribu kulegeza boliti moja, nikagundua kwamba uzito wangu, ambao daktari huulalamikia, una manufaa yake.

Spea imekula nafasi yote ya nyuma. Idi iliyopita walipokwenda Mombasa, wao walikwenda kwa gari na mizigo yao niliipeleka mimi kwa treni.

Mwanangu sasa anafikiria kuliuza. Mkaza mwana wangu ameandika karatasi na kuitia kwenye kisanduku cha dashibodi, pamoja na risiti: matairi ya gari hili si ranflati, yalibadilishwa yote manne, jeki na pampu zimo chini ya zulia la nyuma, spea isiendeshwe zaidi ya kilomita 80 kwa saa.