Mwewe na Tumbusi

Watu wa Kitui na Makueni wawajua sana ndege wawili walao nyama, mwewe na tumbusi. Mwewe ni mwembamba, rangi yake hudhurungi, na mkia wake una panda. Huupinda mkia huo huku na huku kama usukani, akapita juu ya nyua na masoko bila kupiga mabawa. Watoto humtazama kwa furaha, mpaka ateremkapo ghafula na kunyakua kifaranga. Mama wa nyumba hutoka jikoni akipiga kelele, naye mwewe amekwisha kwenda zake.

Tumbusi hana sifa ya uzuri. Ni ndege mzito, kichwa chake na shingo kama vilivyonyolewa, na watu wamwonapo juu ya mzoga hutema mate. Lakini ni nani aliyepata kumwona akiiba kuku? Miguu yake haina nguvu za kunyakua. Kazi yake ni kula kilichokwisha kufa. Asubuhi hungojea jua liipashe ardhi moto, kisha hupanda na hewa ya joto hadi juu kabisa. Mmoja akishuka penye mzoga, wenzake wa mbali humwona wakamfuata, na ng'ombe aliyekufa kwa ukame hubaki mifupa mitupu.

Mfugaji aliyeliwa mbuzi wake na fisi, au na simba atokaye Tsavo, pengine huutia mzoga sumu ya kuulia wadudu. Hasira yake yaeleweka, kwa maana mbuzi ndiye karo ya mtoto. Lakini fisi huenda asije, nao tumbusi wakaja kwa makumi, wakafa pamoja. Jike lao hutaga yai moja tu kwa msimu, hali mwewe hutaga mawili au matatu. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliandikwa miongoni mwa ndege walio ukingoni mwa kutoweka duniani. Huko Bara Hindi, walipokufa kwa mamilioni tangu miaka ya 1990, mbwa wa mitaani waliongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa pamoja nao.

Hivyo mwizi hufukuzwa kwa kelele tu, na mfagiaji huuawa kwa sumu. Zizi lililozungushiwa miiba imara huwalinda mbuzi vizuri zaidi, wala halimdhuru asiye na hatia.