Fundi wa Mwisho wa Reli

Mpanda ni mwisho wa reli, na fundi wa mwisho wa reli hachagui spea. Anafunga kilichoshuka. Nilipoingia gereji katikati ya miaka ya 1980, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, karibu kila kitu cha maana kilitujia kwa lile tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua, walilolijenga Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kusomba madini ya risasi. Mgodi ulikuwa umeshafungwa zamani, reli ikabaki. Masika barabara ya Tabora ilikuwa matope matupu. Ukiagiza gasketi ya hedi unasubiri treni, na treni ikija na gasketi ya injini nyingine unasubiri inayofuata.

Ndiyo maana magari yetu yalikuwa machotara. Krenki ya gari hili, puli ya mbele ya lile, hedi imeletwa kutoka Mbeya, kamshafti imechomolewa kwenye mkweche uliokuwa umelala Mishamo kwenye makazi ya wakimbizi. Bila kuyajua magari ya namna hiyo huwezi kuelewa kwa nini mwalimu wangu hakutaka tuziamini alama.

Alama ni vile vidoti na mikato ambayo kiwanda hupiga kwenye gia na puli. Ukizilinganisha, krenki na kamshafti zimepatana. Kwa injini ambayo haijawahi kuchanganywa, hiyo kazi hata mwanafunzi wa juzi anaiweza. Lakini puli iliyotoka kwenye injini nyingine inakuja na alama zake, na alama hizo hazijui zimehamia wapi. Nimeona Land Cruiser iliyofungwa alama kwa alama, safi kabisa, ikikohoa moshi mweupe na kugoma kuwaka mpaka betri mbili zikaisha.

Mwalimu wangu alikuwa Mnyamwezi aliyekulia kwenye karakana za reli, mzee mkimya mwenye kidole kimoja kilichokatwa na feni. Ukimwendea kusema, "Shikamoo mzee, alama zimekaa," anaitikia marahaba, kisha anasema: "Sijakuuliza alama, kijana. Niambie valvu zinafanya nini."

Na jibu linataka ujue injini inavyopumua. Krenki huzunguka mara mbili, kamshafti mara moja. Kwa hiyo pistoni ya kwanza inafika juu kabisa mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani. Mara moja inafika valvu zote mbili zimefunga na tapeti zinacheza ukizitikisa kwa kidole. Hapo iko tayari kupigwa dizeli. Mara nyingine inafika valvu ya kutoa moshi inamaliza kufunga, na ya kuvuta hewa inaanza kufungua. Hapo tunasema zinapishana. Kwenye injini ya silinda sita iliyo kwenye mstari mmoja, ya kwanza na ya sita hupanda pamoja. Basi mzee alikuwa haangalii ya kwanza hata kidogo. Anakaa kwenye ya sita, sisi tunazungusha krenki taratibu kwa spana, anatazama valvu moja ikipanda na mwenzake ikianza kushuka, anainua mkono: "Simama. Zimepishana." Wakati huo ya kwanza iko kwenye zamu yake, alama ziseme zisemavyo. Kisha silinda zinafuatana moja, nne, mbili, sita, tatu, tano. Mpangilio huo tuliukariri kama watoto wa madrasa.

Injini za wakati ule, kama 2H ya Land Cruiser za zamani, zilikuwa na gia tupu, na kamshafti ililala ndani ya bloku. Kuiingiza kunataka subira: unaipaka oili, unaisukuma huku ukiizungusha, nundu zake zisikwaruze bushi. Tapeti hazichanganywi, kila moja inarudi kwenye nundu iliyozoeana nayo. Gia zile zilikuwa na kelele, lakini sikumbuki hata moja iliyomlaza mtu porini.

Miaka ya 1990 ikaingia injini ya 1HZ, lita 4.2, na mpaka leo ndiyo inayobeba Katavi: gari za wagonjwa, za mapadri, za hifadhi, za watalii wanaokwenda kutazama viboko wa mto Katuma. Injini hii krenki yake inazungusha pampu ya dizeli kwa gia, na kutoka hapo mkanda mfupi unapanda kwenda kwenye kamshafti iliyokaa juu ya hedi. Mkanda huo ni wa kilomita 100,000. Zikifika, taa yenye maandishi T-BELT inawaka kwenye dashibodi. Wateja wangu wengi walidhani taa hiyo ni pambo. Wengine waliitoa balbu.

Mmoja wao mkanda ulimkatikia ndani ya Hifadhi ya Katavi, kati ya Sitalike na Kibaoni, akakaa na abiria wake ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa ajili ya ndorobo, mpaka lori la mpunga kutoka Majimoto likamvuta. Pampu ilikuwa inaendelea kumwaga dizeli, krenki inazunguka, lakini kamshafti imesimama na baadhi ya valvu zimebaki wazi. Pistoni zikazigonga. Tulipofungua hedi tulikuta valvu zilizopinda na vichwa vya pistoni vyenye makovu ya mwezi mchanga.

Kuifunga upya ndipo kazi ilipo. Kwanza nairudisha krenki nyuma kidogo, pistoni zote zishuke, ili nikibana kamshafti valvu zisikutane na kitu. Napaka oili kwenye nundu. Vifuniko vya beringi vina namba na mshale. Mshale unatazama mbele. Navibana kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda nje, narudia tena na tena, kwa sababu springi za valvu zinaisukuma kamshafti bila usawa, na ukiwa na pupa upande mmoja inaweza kupinda au kukatika.

Kisha napima nafasi kwa fila: milimita 0.20 kwenye valvu za hewa, 0.40 kwenye za moshi, injini ikiwa baridi. Hapo hakuna skrubu ya kukaza wala kulegeza. Kuna visahani vya chuma juu ya tapeti, na unabadilisha unene wake. Nikikuta 0.50 panapotakiwa 0.40, natafuta sahani iliyozidi ya zamani kwa 0.10. Seti kamili ya kiwandani sikuwahi kuimiliki. Nina kopo la Nido lililojaa visahani vya injini zilizokufa, na maikromita. Wapo wanaovisaga kwa grainda vikizidi unene. Wanaharibu. Ngozi ngumu ya sahani ni nyembamba, ukishaiondoa nundu ya kamshafti inakula chuma laini.

Mwisho narudisha krenki mahali pake, navalisha mkanda, naikaza tenshena, halafu sigusi ufunguo. Nazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki. Ikigota popote, nasimama, maana ukilazimisha unapinda valvu mpya. Ikizunguka yote, naenda silinda ya sita na kutazama zinavyopishana. Hapo ndipo tajiri mwenye gari anapoanza kutembeatembea. "Fundi, si umeshafunga? Washa tuondoke." Nazungusha tena. Injini iliyoruka jino moja mara nyingine inawaka, tena vizuri tu hapa mjini Makanyagio. Itakudai ikiwa na tani zake, ikipanda mlima wa Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga.

Sasa Katavi ni mkoa, tangu 2012, lami imefika, na vijana wa gereji yangu wanafungua Ist na Noah zenye kamshafti mbili na cheni yenye pingili za rangi. Video za kufunga injini hizo wanazo kwenye simu. Siwakatazi, mimi mwenyewe nimejifunza VVT-i kwa kuchungulia simu zao. Ila kwangu hakuna injini inayopigwa stata kabla haijazungushwa kwa mkono, iwe ya mkanda, ya cheni au ya gia, na aliyeifunga anieleze valvu zinafanya nini.

Wewe uliyenunua Land Cruiser ya mtumba na hujui mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla hujaipeleka Karema, andika kilomita kwa kalamu kwenye kifuniko cha mkanda, na balbu ya T-BELT irudishe.