Swala Kati ya Vipindi

Nyumbani Ngamiani, Tanga, sikuwahi kuhitaji saa ili nijue wakati wa swala. Adhana ilianzia msikiti mmoja, ikadakwa na wa barabara ya pili, na kabla haijaisha mama alishagonga mlango. Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2014 na kupangiwa hosteli za Mabibo, nikatambua kwamba ibada yangu ilikuwa imebebwa na watu wengi.

Wengi hudhani alfajiri ndiyo ngumu. Kwangu ilikuwa mchana. Jijini Dar es Salaam nyakati za swala hazichezi sana. Adhuhuri mwaka mzima huingia katika nusu saa ileile baada ya saa sita. Inayocheza ni ratiba ya chuo. Jumatatu una kipindi katika madarasa ya Yombo saa sita hadi saa nane, Jumanne semina inakula alasiri, na Ijumaa mhadhiri anaweka jaribio saa saba mchana kana kwamba siku hiyo haina jina.

Mwenzetu wa mwaka wa tatu alikuwa akijumuisha adhuhuri na alasiri, akitegemea hadithi ya Ibn Abbas kwamba Mtume aliwahi kujumuisha akiwa Madina, bila hofu wala mvua. Mimi nimesomeshwa Kishafii: anayejumuisha ni msafiri, au watu waliokutwa na mvua. Na Mabibo hadi chuoni Mlimani si safari, hata kwa foleni ya Ubungo. Tulibishana sana, kila mtu akabaki na lake.

Mabadiliko yalianza kwa vitu vidogo. Nilizoea kutoka hosteli na udhu wangu, msala mwembamba ukiwa chini ya madaftari. Msikiti wa chuo ukiwa mbali na kipindi, niliswali katika darasa tupu, peke yangu, kwa sura fupi. Mwanzoni nilihisi nimepunja, maana nilikulia kwenye safu. Baadaye nikaanza kuzisikia zile sura nilizokuwa nikizisoma kwa kasi tangu utotoni. Kisha mpango wa kusoma nao ukageuka wenyewe. Badala ya kusema nitaswali nikimaliza sura hii ya kitabu, nikawa nasoma mpaka alasiri, napumzika, naendelea hadi magharibi. Sidai kwamba nilikuwa mcha Mungu zaidi. Ila siku ilipata viungo.

Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, msimu wa mitihani. Chumbani mwetu alikuwemo kijana Mlokole wa Mbeya, anayewahi maombi ya alfajiri na wenzake. Yeye ndiye aliyeniamsha kula daku. "Ustaadhi, amka, chai inapoa." Na mimi nilimwita mchungaji, ingawa alikuwa anasomea uhandisi. Akishaniamsha, anaoga, anachukua Biblia yake anatoka, nami nabaki na mkate na madesa. Nilisoma vizuri kuliko miezi mingine. Jioni, kwa kweli, kichwa hakikubeba kitu mpaka nifuturu.

Mwaka wa tatu nikachaguliwa mwakilishi wa darasa, na kupanga muda wa kazi za vikundi kukawa kwangu. Ijumaa mchana niliilinda mapema; hilo nililijua. Sikuwa nimewafikiria Wasabato. Walikuwa wawili, na haja yao ilikuwa nzito kuliko yangu: mimi naomba dakika kumi hapa na pale, wao wanahitaji tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame Jumamosi, na humo ndimo darasa zima lilimozoea kukutana. Tukahamia Jumapili. Hapo wakanijia wa kwaya, nao wana ibada mbili na mazoezi. Mwisho tukakubaliana Jumapili saa kumi jioni, alasiri ikiwa imeshaswaliwa na kwaya imeshatawanyika, na waliobaki kulalamika walikuwa washabiki wa mpira tu.